Shangazi Kwenye Safu ya Juu

Nyumba yetu ya Miyuji ilipokwisha kupakwa rangi, nilijitia fundi wa mapambo. Nilitaka ukuta wa picha kama zile ninazoziona kwenye simu: picha za rangi chini, za zamani zisizo na rangi juu. Juu nikawaweka marehemu babu, bibi na baba, nikawavisha maua ya plastiki. Safu ikapwaya upande mmoja. Nikaijazia kwa picha ya ujanani ya shangazi, dada yake baba anayeishi Chamwino, na maua yake juu. Ikapendeza kweli!

Wanajumuiya walipokuja kusali, waliutazama ukuta wakaniambia, "Pole sana, Mama Neema." Nikajibu nimeshapoa, nikidhani wanamsema baba. Wakawaombea marehemu wote wa pale ukutani, nami nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Jumamosi shangazi akabisha hodi, amebeba mfuko wa karanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akajibu, macho ukutani. Akasogea, akayagusa maua yake.

"Mlinizika wapi, mwanangu?" akauliza taratibu. "Maana tangu tumzike baba yako, hujanipigia hata simu."