Kengele Inayolia Mara Mbili

Saa nne asubuhi, Bi Mitambo anagombana na kompyuta. Chai imepoa pembeni, kilemba kimeteleza hadi sikioni, na maandishi mekundu kwenye kioo yanamwambia kwamba faili fulani halipo.

"Halipo vipi na ninaliona?" anauliza, akiligusa kwa kidole. "Si hili hapa! Au macho yangu ndiyo yameanza?"

Jina la Bi Mitambo amepewa na majirani, kwa kuwa hakuna redio iliyowahi kumshinda. Kazi yake ni kutunga programu, chumbani kwake, kwenye meza iliyokuwa ya cherehani. Programu yake kubwa huwakumbusha dawa wazee wasioona vizuri: kengele inalia, sauti inataja kidonge. Wazee wapatao arobaini wanaitegemea, akiwemo shangazi yake.

Juzi shangazi alipiga simu. Kengele ya jioni ilikuwa imelia, na baada ya dakika chache ikalia tena.

"Nusura ninywe dawa ya presha mara mbili," alisema. "Mwanangu, una haraka gani ya kunirithi?"

Bi Mitambo alicheka, lakini aliwafikiria wazee wengine. Shangazi kichwa chake kizima. Wapo wanaosahau kama wameshakunywa.

"Na kuizima siwezi," anasema. "Wengine bila kengele hawanywi kabisa."

Kosa alilipata jana, akalirekebisha. Ilibaki kuijenga programu upya, yaani kuyageuza maandishi yake yawe kitu kinachoingia kwenye simu. Ila kompyuta ilikuwa ikimsumbua kila siku aisasishe, yaani aiwekee mfumo mpya wa kuiendesha. Akaona amalize na hilo kwanza. Leo mfumo mpya unang'aa, na programu imegoma kujengeka.

Hapo ndipo alipoanza kutafuta mchawi. Anabadilisha mstari huu, anafuta ule. Kosa moja likiondoka, yanakuja manne.

"Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni," anasema. "Nimechanganyikiwa jamani. Hata nilipoanzia sipajui."

Mchana, kwa kukata tamaa tu, anafungua kiprogramu cha zamani ambacho hakijaguswa tangu mwaka jana. Kazi yake ni kusema "habari" basi. Nacho kinagoma.

Anaacha kubonyeza. "Ala! Kwa hiyo si mimi?"

Si yeye. Mfumo umebadilika, lakini zana za kujengea programu zilizomo ni za mfumo wa zamani, na haziendani. Anaweka zana mpya. "Habari," kinasema kiprogramu. Anapiga kofi, anarudi kwenye programu ya wazee, anaijenga. Inakataa.

"Sasa nini tena?" Machozi yanamlengalenga. Kisha anashika kichwa: mistari aliyoivuruga asubuhi ndiyo inayokataa sasa. Alikuwa akimtibu mzima. Anaitupa kazi yote ya leo, anachukua nakala aliyoirekebisha jana. Inajengeka mara moja. Anaituma kwenye simu za wazee wote.

Jioni anampigia shangazi. Kengele inalia, sauti inasema: "Kidonge kimoja." Shangazi anameza, kisha wote wawili wanangoja simu zikiwa masikioni.

Akingoja, Bi Mitambo anaeleza mpango wake: kupata kompyuta ya pili, kukuukuu, ya kujaribia kila mfumo mpya kabla haujagusa kazi ya wazee. "Nisije nikawachezea tena watu wa watu," anasema.

Dakika zinapita. Kengele hailii tena.

"Haya shangazi, imepona. Nikate?"

"Ngoja kwanza," anajibu shangazi. "Tuisikilize kidogo."