Kikopo cha Kaka

Dada yangu ana vidole vyekundu mpaka kwenye kucha. Si hina. Ni rangi ya maabara, na sabuni ilishaishindwa zamani. Watoto wa mtaani humwita Mama Wino, naye huitika, maana hana muda wa kugombana na mtu. Kazi yake ni kutafuta kifua kikuu kwenye makohozi ya watu.

Huyapakaza kwenye kipande cha kioo, huyakausha, huyamwagia rangi nyekundu na kuipasha moto mpaka itoe mvuke. Halafu humwaga asidi. Hapo vijidudu vingine huiachia ile rangi, lakini vya kifua kikuu huing'ang'ania kama kupe. Mwisho hutia buluu, ili chini ya hadubini vile vyekundu vionekane vizuri, vimelala kama vijiti. "Kioo hakina undugu," husema kila anapoombwa upendeleo, na huombwa sana. Najua, kwa sababu mimi ndiye ninayepokea wagonjwa dirishani pake.

Kaka yetu mkubwa alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Alikohoa mpaka suruali akawa anaifunga kwa kamba, na bado akasema ni moshi wa jikoni. Kichwa kigumu kama kile sijakiona. Kisha shule ikataka wapishi wote wapimwe. Kaka akajua akikutwa na ugonjwa, kazi hana.

Akaleta kikopo. Dada alikitazama tu.

"Kaka, haya ni mate."

"Si ndiyo hayo hayo?"

"Nataka ya kutoka kifuani. Kesho, ukiamka tu."

"We andika sina, mdogo wangu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Kesho yake akaleta makohozi mazito, yenyewe hasa. Alikuwa mchangamfu, hata akanitania kwamba nimenenepa.

Dada alikaa na kile kioo muda mrefu, kisha akaniambia nimwite Kaka ndani. Alimshika mkono.

"Kaka, unao. Usiogope, dawa zipo, watu wanapona."

Kaka akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Haiwezekani. Hayo si yangu."

"Ya nani?"

"Ya binti yangu. Ana mafua tu, nikajua yake ni safi. Nilimwambia kohoa hapa, shangazi yako anataka kuangalia."

Binti huyo alikuwa analala chumba kimoja na baba yake, pazia tu katikati, na mwanawe mchanga ubavuni. Nilitamani kumzaba kaka yangu kibao. Dada alimsukumia kikopo kitupu. Safari hii alikohoa pale pale, bila kubembelezwa, na damu ikatoka. Kioo chake kilijaa wekundu kuliko cha binti.

Walianza dawa siku ile ile. Binti alizimaliza, na mtoto wake sasa anatambaa. Kaka mapafu yalikuwa yamekwisha. Tulimzika kabla hajafika nusu ya dozi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku ya msiba methali hiyo nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Niliimeza, kwa sababu binti alikuwa anawasimulia waombolezaji habari za baba yake.

"Baba ndiye aliyenigundua. Mimi nilidhani ni mafua. Yeye akaona, akaniletea kikopo, akakipeleka mwenyewe kwa shangazi. Ugonjwa wake akauweka nyuma." Akamgeukia Dada. "Si ndivyo, shangazi?"

Dada aliificha mikono yake ndani ya mtandio. Miaka yote ile sijawahi kumsikia akibadilisha jibu la kioo kwa ajili ya mtu yeyote.

"Ndivyo, mwanangu," akasema. "Baba yako alikuwahi."