Mama Sungura

Sungura niliyeishi naye mimi alikuwa mjinga. Nalisema mapema kwa sababu sote tumekuzwa na hadithi za ujanja wake, jinsi alivyomchezea fisi na kumtia simba aibu. Waliozitunga hawakuwahi kulala chumba kimoja na sungura. Mimi nimelala naye mwaka mzima na ushei, katika kambi ya mgodi wa dhahabu huko Geita, kwenye safu ya vyumba vya matofali vilivyobanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya unampa pole ukiwa kitandani kwako. Alikuwa mweupe, macho mekundu kama ya mlevi, na kazi zake zilikuwa tatu: kutafuna, kunya na kushtuka.

Mume wangu alikuwa karani wa stoo. Aliwagawia wachimbaji sururu na taa, na kwa ile kalamu aliyoichomeka mfukoni alijiona kama dhahabu yote anaitoa yeye. Mke wa Mzungu mmoja alipokuwa anarudi kwao alimwachia sungura huyo, pamoja na sanduku la mbao lililowahi kubeba baruti. Mume wangu akaja naye amemkumbatia kifuani, anatembea taratibu ili safu nzima imwone. Tulikuwa katika mwaka wa tatu wa ndoa na tumbo langu lilikuwa bado tupu.

"Nimekuletea wa kukuchangamsha," akaniambia.

Nilikuwa nalilia mtoto, yeye akaniletea mnyama wa kumchumia matembele. Nilimdharau mume wangu tangu siku hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa namwona mzito tu.

Pale kambini mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake. Waliokuja kutoka Tabora, Kigoma, Songea na kila upande, Waislamu kwa Wakristo, walitofautiana hata namna ya kusonga ugali, lakini kwa hilo walikuwa kitu kimoja. Kila aliyesimama na ndoo bombani alikuwa mama wa fulani. Mimi niliitwa "wewe", au "mke wa karani", mpaka sungura alipofika. Siku ya pili tu mmoja wao, mwanamke mwenye watoto watano wote wenye makamasi, akapaza sauti: "Mama Sungura, sogeza ndoo!" Bomba zima likacheka. Nikasogeza ndoo. Mume wangu alipoanza kuitwa Baba Sungura alichekelea. Alidhani wanamsifu.

Kuku walikuwa marufuku kambini, na mbuzi pia. Nyapara wa kambi alipita kila wiki kukagua, akiinama mpaka uvunguni, na akikuta hata unyoya unalo la kujibu. Lakini sungura hakumgusa. Sungura alitoka nyumba ya Mzungu, kwa hiyo nyapara alimwona si mfugo, ni mgeni wa heshima. Alikuwa akimsalimia yeye kabla ya kunisalimia mimi.

Jioni mume wangu alimpakata na kumpapasa mgongo, kutoka masikioni hadi mkiani, huku mimi napepeta mchele. Mimi mwenyewe sikuwahi kupapaswa hivyo.

Kisha ikaja habari kwamba mama yake anakuja kutoka kwao, upande wa Shinyanga, na sikuhitaji kuambiwa kinachomleta. Kwao ni wafugaji, na kwao jambo likiwashinda hupelekwa kwa mfumu, mganga anayepasua kifaranga na kusoma ndani yake. Mwenye shida hana haja ya kwenda mwenyewe. Humtemea kifaranga mate mdomoni, na kifaranga huyo hupelekwa badala yake. Mama mkwe angeyabeba mate yangu hadi kwa mfumu, na mfumu angesema kama tasa ni mimi. Akisema ni mimi, ningerudishwa kwa baba yangu Runzewe, na hakuna mwanamume ambaye angebisha hodi tena. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Wiki hiyohiyo sungura akaanza kujinyonyoa manyoya ya tumboni. Aliyang'oa kwa meno, akayabeba mdomoni, akayapanga pembeni mwa sanduku mpaka yakawa kiota laini. Mwenye watoto watano akaja kuchungulia, akapiga vigelegele. "Anazaa huyu! Mama Sungura, unapata wajukuu!" Mume wangu akaleta pamba za kufutia mashine kutoka stoo, akaziweka pembeni mwa kiota kwa mikono miwili. Nilimchukia sungura yule kupita ninavyoweza kueleza. Hata yeye, mjinga wa mwisho, ameweza.

Mama mkwe akafika na lori, mwanamke mrefu mkavu, na kikapu mkononi. Nikapiga magoti, nikamwamkia kwa lugha yao. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akanitazama tumbo kabla ya uso. Kwa kuwa mama hawezi kulala chumba kimoja na mwanawe na mkewe, alilala kwa jirani, na asubuhi akaja na kikapu chake. Ndani mlikuwa na vifaranga wawili. Mmoja wangu, mwingine wa akiba, maana safari ilikuwa ndefu na kifaranga akifa mwenyewe hasomeki. Nikamtemea wangu mdomoni. Mama mkwe akamfunga uzi mwekundu mguuni.

Hatujakaa sawa, tukasikia sauti ya nyapara mlango wa tatu. Mume wangu alikuwapo, siku yake ya mapumziko. Mama mkwe akamficha wa akiba chini ya kanga yake. Wangu nikamtia mahali pekee ambapo nyapara hakuwahi kupekua: sanduku la sungura.

Nyapara akaingia, akainama, akamwambia sungura habari za asubuhi, akaenda zake. Nilipofungua sanduku, kifaranga alikuwa amelala ubavu, shingo imepinda, uzi mwekundu mguuni. Sungura amesimama juu ya kiota chake anapiga mguu chini kwa hasira.

Nilikaa sakafuni. Niliona hukumu imekwisha kusomwa, tena na sungura.

Mama mkwe akapiga goti kando ya sanduku. Akapeleka mkono ndani ya kiota, akaumwa kidole, asiutoe. Akapekua manyoya yote mpaka chini. Hamkuwa na mtoto hata mmoja.

"Dume lake liko wapi?" akauliza.

"Hana dume," nikajibu. "Hajawahi kuwa nalo."

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe ukampa pamba?"

Yule bwana akatabasamu, maskini, kama ameulizwa kuhusu stoo. Mama yake akamtazama yeye, si mimi. Alikuwa amefuga ng'ombe maisha yake yote, akijua ni wakati gani wa kumlaumu mtamba na ni wakati gani wa kulitazama dume. Akamtoa yule wa akiba chini ya kanga, akamnyooshea mwanawe.

"Mtemee wewe."

"Mimi?" Akarudi nyuma. "Mama, mimi ni karani. Mimi ni Mkristo."

"Mkeo si Mkristo?"

Mimi nilipotema mate hakukumbuka dini wala kalamu. Alisimama ameegemea ukuta, anauogopa mdomo mdogo wa kifaranga, na nikaona wazi kwamba kwa miaka mitatu alikuwa anajua, au anahofu kujua, na ameniacha mimi niitwe majina bombani.

Mama mkwe akamrudisha kifaranga kikapuni. Nilimsindikiza hadi kwenye lori. "Mayu," akaniambia, yaani mama kwa lugha yao, neno ambalo hakuwahi kunipa, "mimi sitakurudisha kwenu. Ukienda, nenda kwa miguu yako." Nikaenda mwezi uliofuata. Yule bwana alinifuata barabarani na sungura kifuani, akitaka nimchukue.

"Baki naye," nikamwambia. "Huyo mtawezana. Hatakuuliza dume liko wapi."

Niliolewa tena, na mwanamume mwema, fundi cherehani wa Masumbwe. Sikuzaa. Yule wa kwanza naye, nasikia, hakuzaa. Kwa hiyo mpaka leo sijui kifaranga yule wa uzi mwekundu angesema nini, na waliojidai wanajua nawadharau wote, pamoja na mimi mwenyewe nilivyokuwa barabarani siku ile.

Miaka baadaye, gulioni Masumbwe, nilisikia sauti nyuma yangu: "Mama Sungura!" Alikuwa yule wa watoto watano, amezeeka, meno yamepukutika, na safari hii hakuwa anacheka. Ndilo jina alilonijua nalo. Ukiacha lile mayu la kwenye lori, ndilo pekee lenye mama ndani yake nililowahi kupewa na mtu yeyote.

"Abee," nikaitika.