Mzee wa Batiki na Kitufe Kikubwa

Kazi yetu hapa Yogya, Indonesia, ni kuwasajilia watu majina ya tovuti zao, na tangu tubadilishe sura ya tovuti yetu wenyewe, simu ni za matusi tu: rangi zinaumiza macho, vitufe vimehama, rudisheni ya zamani! Mimi niliyeichora nimeshachoka kuitwa kipofu. Mzee wa batiki hapigi simu. Kila mwaka huja mwenyewe, huvua ndala mlangoni ingawa sisi sote tumevaa viatu, huweka mezani boksi la bakpia, vile vikeki vya choroko, kisha hunyoosha kidole chenye ukucha wa bluu kwa rangi ya vitambaa na kumwonyesha Bu Wening, mama wa kaunta, jina la duka lake kwenye kompyuta. Ni jina la marehemu mkewe. "Lisije likachukuliwa na mtu," husema, wala haketi mpaka lilipiwe ada ya mwaka.

Jana alivua ndala, akaweka boksi, akaketi moja kwa moja. Bu Wening akatazama kompyuta, akashangaa. "Pak," akamwita kwa heshima, "mbona limeshalipiwa?"

"Nimelipia mwenyewe, nyumbani! Kitufe kikubwa kama sahani, hata mimi nimekiona. Nimekuja kushukuru." Akatushika mkono mmoja mmoja, hata mfagizi, kila mara akigusa kifua chake. Mimi alinishika muda mrefu kidogo. Kisha akazitazama ndala zake kule mlangoni. "Ila sasa, Bu, mwakani nitakuja kwa kisingizio gani?"

Bu Wening akafungua boksi, akachagua bakpia moja. "Usijali, Pak. Tutaiharibu tovuti tena."