Misumari ya Mwalimu Otieno

Harufu ya ganda la waya likiungua hunirudisha Roret papo hapo, kwenye stoo ya nyuma ya shule yetu ya msingi, ambako kila Jumamosi Mwalimu Otieno alitufundisha sayansi kwa mikono. Nje kulinukia majani ya chai yakikaushwa kiwandani. Ndani kulinuka grisi, mpira na jasho la watoto. Mwalimu alitoka upande wa ziwa, mtu mrefu mwenye kicheko kilichosumbua darasa la jirani. Walimu wengine walitufundisha kwa kiboko, yeye alitupatia redio mbovu tuzifungue. Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tukiunda kreni ya umeme ya kupeleka kwenye maonyesho ya wanafunzi Kericho. Kila mtoto alikuwa na msumari wake wa inchi sita, ameuzungushia waya wa shaba na kuuunganisha na betri za tochi, na ukibonyeza swichi msumari unavuta pini kama sumaku. Wangu niliukwaruza alama ya msalaba katikati kwa tupa, kwa sababu Kipkoech wa darasa letu alikuwa mwizi wa misumari na mpaka leo simwamini.

Halafu vita vikaja, kati ya watu wetu na watu wa ziwa. Redio ilisema ni machafuko, lakini mimi niliona jirani akiletwa kwenye mkokoteni shingo imekatwa, na moshi ukipanda upande wa Chepilat wiki nzima. Kila upande uliua na kila upande ulilia wafu wake peke yao. Vijana wetu walichonga pinde, ila vyuma vya mishale vikawa adimu madukani.

Jumamosi moja baba aliingia stoo na majirani wawili, hawakusalimia mtu. Baba alikuwa mkulima wa chai na mzee wa kanisa. Alianza kumimina misumari yetu kwenye gunia.

"Mzee, hizo ni za watoto," Mwalimu alimwambia. "Wanaenda nazo Kericho."

"Wataenda Kericho vita ikiisha."

Nilishikilia wangu. Baba alinizaba kofi, sikio likavuma, kisha akanifungua vidole kimoja kimoja mpaka waya ukanichana kiganja. Mwalimu alipoingia kati alipigwa rungu la bega, akapiga magoti kwenye pini zilizomwagika. Hata hapo alinitazama mimi. "Wacha, Chebet. Nitakupea ingine."

Mchana ule walipiga nyundo nyuma ya nyumba yetu, wakikata vichwa vya misumari na kuponda ncha ziwe bapa kama za mishale. Waya wa shaba waliutupa uani, nami niliuokota nikilia kwa hasira. Jua likiwa bado liko juu walishuka kuelekea nyumba ya Mwalimu, baba akiwa mbele. Mama alinikalia sakafuni jikoni nisiwafuate. Nilisikia vioo vikivunjika, nikasikia mtu akipiga kelele mara moja, kisha cheche za moto zikaanza kuruka juu ya michai. Baba alirudi wakati wa kukamua ng'ombe, akanawa mikono hadi viwiko kwenye beseni la ndama, akaomba chai.

Asubuhi nilitoroka nikaenda kuona. Nyumba ilikuwa majivu, fremu ya mlango tu ndiyo imesimama, na damu imeburuzwa kutoka kizingitini hadi ndani ya michai. Kwenye fremu ulikwama mshale, damu imekauka juu ya msalaba wangu. Mwalimu hakuwepo, na nyumbani kwetu jina lake halikutajwa tena.

Leo nafundisha sayansi Bomet, na Jumamosi nina karakana ya watoto, wetu na wa ziwa pia. Nahesabu misumari kabla ya kufungua mlango, nao hunicheka. Mwaka jana baba alikuja kwenye maonyesho yetu na fimbo yake. Msichana anayeitwa Achieng alimwekea msumari wenye waya mkononi, akamwambia, "Babu, bonyeza hapa." Pini zikaruka zikanasa. Baba alizitazama.

"Yule mwalimu wenu," aliniuliza polepole, "alipona?"

Hasira ya siku ile ya kofi ilinipanda yote kwa pamoja.

"Mimi nitajuaje, baba? Wewe ndiye uliyemwona mwisho."

Baba aliendelea kubonyeza swichi, pini zikining'inia, mpaka Achieng alipomwomba aachilie, kwa sababu watoto wengine walikuwa wanangoja.