Salamu za Mama Ukutani

Mpaka leo nikipita mbele ya lile kanisa letu la Kisauni huinamisha kichwa, kwani siku tuliyomzika mama nilimfedhehesha mbele za watu, na hakuna aliyenisukuma.

Kwetu salamu za rambirambi husomwa zote kabla jeneza halijatoka, na kazi hiyo ni ya mwana wa kwanza, ndiye mimi. Shangazi Kadzo aliniambia, "Simama usome, mwanangu, hata ukilia." Nikaogopa kulia hadharani (huo ndio ukweli), nikasema nitaunda programu izitoe salamu kwenye simu na kuzionyesha ukutani kwa projekta, maana nilikuwa nimejifunza kidogo pale saiba, kwenye kompyuta za kukodi, mimi niliyeishia kidato cha pili.

Sasa, simu haitumi herufi, hutuma namba ziitwazo baiti. Herufi yetu ya kawaida ni baiti moja, lakini kile kijipicha cha mikono inayoomba ni baiti nne, na lazima zisomwe pamoja. Mimi niliiambia programu isome moja moja, na isiyoijua iweke alama ya kuuliza. Nikaijaribu kwa maneno matupu yasiyo na vijipicha, yakatoka safi, nikaridhika.

Kanisa limejaa, ukuta ukaandika: "Mama Karisa alikuwa mtu mwema????" Kisha: "Tutaonana mbinguni????" Nyuma mtu akacheka kwa pua. Naye mzee wa kanisa, maskini, akawa anazisoma kwa sauti vilevile zilivyo, kwa kuuliza.

Shangazi akanivuta shati. "Wee Karisa! Mbona wamhoji marehemu?"

"Ni baiti, shangazi."

"Baiti ndiyo nani? Izime!"

Nabonyeza hapa, nabonyeza pale, na ikaja salamu ya mwisho, yangu mwenyewe, niliyoitia kijipicha cha moyo uliovunjika. Jumapili yake ya mwisho mama alinipigia simu niende kumwona, nikamjibu nitakuja kesho, leo niko na masomo ya programu. Kesho yake sikumkuta.

"Nisamehe mama????" mzee akasoma, akanitazama, ikasikika kana kwamba mimi mwenyewe sina hakika kama nimekosa.

Nimekosa. Na nikifiwa tena, salamu nitazisoma kwa mdomo wangu, kwenye karatasi, nilie watu wote wanione.