Kitenge cha Damu ya Mzee

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza kusimulia sitaki kukatizwa, na isitoshe Katandala nzima ilishanicheka kabla yenu, kuanzia wauza nyanya wa pale kona mpaka bodaboda ambao siku hizi nikipita wananiuliza "mama Deo, unaendeleaje?" kwa ile sauti ya kumjulia hali mgonjwa huku midomo inawacheza. Ndiyo, mimi ndiye yule mzazi aliyebebwa kwenye blanketi mchana kweupe. Na wala sikuwa nakufa.

Deo alikuwa na kama wiki tano. Mume wangu alikuwa amepeleka mzigo Kasanga na fuso (mambo yangu yakiharibika yeye yuko Kasanga, sijui huko pana nini), kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, mtoto, na mama mkwe aliyekuja kutoka kijijini kunilea uzazi. Mama mkwe ni mtu wa kazi. Asubuhi ananikanda na maji ya moto mpaka naona nyota, ananifunga tumbo, halafu unakuja uji wa ulezi, mzito, kikombe baada ya kikombe, na anasimama pale pale mpaka nimalize. Kwa hayo sina neno. Neno langu lilikuwa moja tu, kwamba hacheki. Tangu niolewe sikuwahi kumwona akicheka, hata siku ya harusi yangu. Watu wakianza kuchangamka tu, yeye anainuka kwenda jikoni kuangalia kitu. Nikajua huyu mama hanipendi, basi.

Sasa na mimi nilikuwa na siri yangu. Tangu nijifungue mkojo ulikuwa haunisikilizi. Nikipiga chafya, umetoka. Nikikohoa, umetoka. Nikicheka ndiyo usiseme. Nilikuwa navaa pedi nene kila siku nasingizia damu ya uzazi, wakati damu yenyewe ilishakata, na nikiingia bafuni namimina maji kwa kelele ili nisisikike nikilia. Nalia nini? Hata sijui. Nalia kwa sababu nepi hazikauki kwa baridi hii yetu, nalia kwa sababu uji umepoa, nalia kwa sababu mtu mzima na akili zangu nimeanza kushindana na Deo nani atalowa zaidi. Nikaapa simwambii mtu. Na kwa kuwa kicheko ndicho kilichokuwa kinaniumbua, nikaamua kucheka nako niache. Mimi, ambaye kwenye saluni yetu kule Milanzi nikicheka nasikika mpaka barabarani!

Siku hiyo jumuiya ilikuwa inakuja kunipongeza. Mnaijua jumuiya, akina mama wa kanisani wa mtaa wetu, na sabuni zao za mche, na sukari, na unga wa ulezi, kwanza sala, halafu umbea, halafu sala tena. Nikasema leo na mimi nionekane mtu. Nilikuwa na gauni jipya la kitenge, rangi ya damu ya mzee, limenibana vizuri pale panapotakiwa. Mama mkwe akaliangalia akasema kitenge hicho hakijalowekwa na chumvi, kitachuja. Nikamwambia, mama, kwani naenda kufua? Si nakaa tu? Na kwa kuwa lilinibana, ile pedi ilikuwa inajichora kwa nyuma kama nimeficha mkate, nikaitoa. Uamuzi mdogo, jamani, wa kupendeza tu kwa mchana mmoja.

Wakaja, wakanikalisha kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe (zawadi ya harusi, nilivilinda kama macho yangu), na Mama Skola, mwenyekiti wa jumuiya, akampakata Deo upande wa pili wa sebule. Tukaenda vizuri mpaka alipoanza kusimulia jinsi jogoo wa matoleo alivyochomoka mikononi mwa mzee mmoja akaenda kutua juu ya kinanda, na mpiga kinanda, badala ya kuacha, akaendelea kupiga na huku anamfukuza kwa kiwiko. Mama mkwe akainuka, akaenda jikoni. Mimi nikabana miguu. Nikakumbuka mambo ya huzuni. Mama Skola akaiga sauti ya jogoo kwenye kinanda, na mimi nikaangua kicheko, na nilipofika katikati ya kicheko nikahisi joto.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema kwa sauti, "Jamani, mtoto amekojoa."

Wote wakageuka kumtazama Deo, aliyelala mikononi mwa Mama Skola, mbali na mimi. Mama Skola akampapasa chini. "Mbona huku kwangu mkavu?"

Nikasema basi ni uji, umenimwagikia. Hapo mama mkwe, kutoka jikoni, akajibu kwamba uji wake haujawahi kumwagika, uji wake unachotwa. Ikabidi nitafute uongo wa tatu, maana walikuwa wanasimama kwa sala ya mwisho na mimi kusimama siwezi. Nikasema nasikia kizunguzungu, nitasali nimekaa.

Kizunguzungu, kwa mzazi! Hata amina haikusubiriwa. Wawili wakanidaka makwapani wakaninyanyua ili wanilaze, na pale nilipokuwa nimekaa, kwenye kile kitambaa cheupe, kulikuwa na doa kubwa jekundu.

"Damu," akasema Mama Skola, taratibu kabisa.

Nikawaambia ni kitenge. Wakasema mzazi anaweweseka. Likaletwa blanketi, nikabebwa mpaka barabarani kwa sababu bajaji haiingii uchochoroni kwetu, mbele rozari, nyuma watoto wa jirani, na pembeni mama mkwe anakimbia pekupeku, amenishika mguu, anasema, "Mwanangu, usiniache." Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo niseme ukweli. Nikafumba macho.

Zahanati yenyewe pazia tu ndilo linalotenganisha mgonjwa na watu wa benchi. Nesi akanikagua mbele, akanikagua nyuma, akanusa, kisha kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita majina nje akatangaza, "Huyu hana damu. Kitenge kimechuja. Amekojoa."

Rozari kule nje ikakatika.

Nikalia. Nikalia yote, ya bafuni na ya nepi na ya uji, na nesi (sauti ikashuka sasa, baada ya kuniuza) akanieleza kwamba misuli ya chini imelegea kwa uzazi, inawapata wengi, kuna mazoezi, unabana kama unazuia mkojo, unaachia, unarudia kila siku, na hali isipotulia nirudi, na hicho kilio nacho nisikifiche, kina msaada wake. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na vumbi miguuni. Akauliza, "Na kama mtoto alizaliwa zamani?"

Nesi akamuuliza zamani lini. Mama mkwe akatazama sakafu.

"Huyu baba yake Deo."

Nikaacha kulia. Kwenye bajaji ya kurudi hakunitazama, akasema tu kwamba yeye zamani alikuwa mchekaji kuliko mimi, kijiji kizima kinajua, halafu baada ya huyo mtoto akaona bora aache. Miaka yote hiyo! Na mimi nilishaanza kumfuata njia ile ile, tena kwa kiapo.

Basi siku hizi tunabana wote wawili, jikoni, yeye akikoroga uji ananihesabia. Kitenge kipya nakiloweka na chumvi. Na nikilowa nasema nimelowa, simsingizii mtoto wa watu.

Jumuiya walirudi baadaye kumshukuru Mungu kwa kupona kwangu (kupona nini, nawauliza), na kwenye maombi Mama Skola akafumba macho akasema kwa uchungu wote, "Tumwombee mama Deo, na kibofu chake." Nikasikia kitu kama kikohozi pembeni yangu. Ni mama mkwe. Alijaribu kukizuia, akashika mdomo, mabega yakatikisika, halafu kikamtoka kicheko kikubwa kuliko changu, akakimbilia uani. Sala ikamsubiri. Aliporudi alikuwa amebadili kanga, na bado anacheka.